Injini ya Marehemu

Tarakimu ya kwanza kujitokeza ilikuwa tisa.

Inspekta Valarie Nabwire alikuwa ameinama chini ya boneti ya Pijo 504, glavu mikononi, akipitisha pamba yenye asidi juu ya chuma alichokwisha kukisugua kwa msasa hadi kikang'aa. Namba iliyokuwa imegongwa pale, ambayo aliitilia shaka, haikuwapo tena. Kwa kitambo hapakuonekana kitu. Kisha, chini ya unyevu wa asidi, kivuli cha rangi ya majivu kikaanza kupanda taratibu, utadhani kuna mtu upande wa pili wa chuma anayeandika kwa kidole. Tisa. Ikafuata mbili. Halafu nyingine, na nyingine, mpaka namba nzima ikasimama mbele yake. Haikufanana hata kidogo na ile aliyoifuta.

Nabwire aliipiga picha haraka. Alijua kivuli cha namna hiyo hakidumu. Nyundo inapogonga chuma, pigo hushuka chini kuliko alama inayoonekana kwa macho. Mwizi anaweza kuikwangua alama, lakini jeraha hubaki ndani.

"Mama, kuna shida?" Badru aliuliza.

Alikuwa amesimama kando ya gari lake, kofia ya kufuma kichwani, bahasha ya karatasi kwapani. Badru alikuwa muuza vitambaa mjini Kisumu, na Pijo hiyo aliachiwa na babake. Injini yake ya asili ilikuwa imechoka. Kila akiupanda mlima wa Riat kwenda kumwona bintiye shuleni, ilichemka akasimama njiani. Ndiyo maana akaamua kuweka injini kubwa, Toyota ya cc elfu mbili mia tano, na kuifanya kazi hiyo kihalali. Alikuwa na barua ya mhandisi. Breki za mbele zilibadilishwa zihimili nguvu mpya, radieta ikapanuliwa, vikalio vya injini vikachomelewa upya na kukaguliwa. Lilibaki jambo moja tu: polisi wathibitishe namba ya injini, ndipo mamlaka ya usafiri iiandike kwenye hati za gari.

"Injini hii uliitoa wapi, Bwana Badru?"

"Mamboleo, kwa Frankline wa spea. Risiti ninayo. Aliniambia imeshuka kwenye kontena kutoka Dubai."

"Umeliendesha gari tangu uiweke?"

"Hapana. Sina kibali bado. Leo limevutwa mpaka hapa. Huwa naliwasha tu nyumbani kila alfajiri, nikitoka msikitini. Fundi alisema niizoeze injini polepole. Naliacha lingurume kidogo, nalizima."

"Nyumbani ni wapi?"

"Migosi."

Nabwire alivua glavu. Aliingia ofisini, akaketi mbele ya kompyuta na kuiandika ile namba ya majivu. Jibu lilikuja mara moja. Toyota Mark II ya buluu, mali ya Nasir Swaleh, mkazi wa Migosi. Gari lilizama ziwani zaidi ya miaka saba iliyopita, na mwenyewe akazama nalo. Maiti haikupatikana. Gari halikupatikana. Faili lilifungwa.

Aliusoma mstari huo mara mbili. Dirishani, kule uani, Badru alikuwa akiipangusa vumbi Pijo ya babake kwa leso.

Injini ya gari lililolala chini ya ziwa ilikuwa imefika kituoni, safi, kavu, ikiomba kibali.

*

Chumba cha vielelezo kilinuka karatasi na panya. Nabwire alilitafuta boksi la Nasir Swaleh, akalikuta limefungwa kwa kamba iliyolegea. Ndani mlikuwa na vitu viwili: jozi ya ndara za ngozi zilizookotwa kwenye gati la zamani, na kibao cha namba kilichonaswa kwenye magugu maji chini ya gati hilo.

Alikigeuza kibao mwangani. Kilikuwa cha njano. Magari hubeba kibao cheupe mbele na cha njano nyuma, kwa hiyo hiki kilitoka nyuma. Matundu ya skrubu yalikuwa mviringo kamili, hayakuchanika wala kupindika. Mtu alikuwa amekifungua kwa bisibisi, bila haraka, kisha akakitupa majini mahali ambapo kingeonekana.

Ndara nazo zilikuwa zimepangwa pamoja, kwa mujibu wa picha iliyopigwa siku ile. Vidole vilielekea ziwani. Mtu anayetumbukia ghafla na gari lake hana nafasi ya kuvua viatu akavipanga.

"Na cha mbele kilienda wapi?" alijiuliza kwa sauti.

*

Fundi aliyeiweka injini kwenye Pijo aliitwa Wakhisi. Gereji yake ilikuwa Nyalenda, uwanja mdogo wa mabati karibu na mfereji wa maji ambako akina mama walipanga foleni na mitungi yao. Nabwire alimwendea akiwa na shaka naye. Mtu anayeweka injini ndiye aliye na nafasi nzuri kuliko wote ya kuibadilisha namba.

"Una vyuma vya kugongea namba?"

"Ninavyo, madam. Fundi gani hana?"

"Nigongee tarakimu zote kwenye kipande cha bati."

Wakhisi, mtu mnene wa Kakamega aliyezungumza polepole, aligonga bila kuuliza sababu. Nabwire alilinganisha bati na picha ya ile namba ya uongo, aliyoipiga kabla ya kuifuta. Katika namba ya uongo, tatu zote zilikuwa zimekatika mkia. Tatu za Wakhisi zilikuwa nzima.

"Si wewe," alisema.

"Si mimi nini?"

"Niambie ulichokiona ulipoipokea injini hii. Hata kitu kidogo."

Wakhisi alijifuta mikono kwa kitambaa cheusi. Alimwangalia Nabwire, kisha akatazama barabarani, kama anayeogopa kuchekwa.

"Niliiosha na mafuta taa. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kila mahali, na ndani ya grisi kulikuwa na magamba. Magamba madogo madogo ya omena, madam, yanametameta. Nilijaza nusu karai. Nikamwambia kijana wangu, hii Dubai ya Frankline inavua omena."

"Kingine?"

"Imegongwa kwa mbele. Brakiti ya altaneta ilipasuka ikachomelewa, na puli ya chini imebinyika. Ni ajali ya zamani. Halafu kuna starta. Hiyo starta sikuipenda. Kabla injini haijashika inalia kwanza, sauti nyembamba, kama mwanambuzi anayechinjwa. Nilimwambia Badru tuitupe tununue nyingine. Akasema tuiache mpaka baada ya ukaguzi."

Nabwire aliandika neno moja: mbele. Halafu akarudi ofisini na kutafuta ajali zote za usiku ule ule ambao Nasir alipotea. Ilikuwapo moja isiyotatuliwa. Mwalimu mmoja kijana, Shantel, alikuwa akinunua mahindi kwenye kibanda cha barabarani karibu na Mamboleo. Gari lilitoka njiani, likavunja nguzo ya kibanda, likampitia yeye, likaenda zake. Muuzaji alikumbuka rangi tu. Buluu. Polisi waliokota vipande vya taa ya ukungu, ya upande wa kushoto.

*

Lilibaki jambo ambalo Nabwire hakupenda kulifikiria. Tangu mwezi uliopita mwanamke mmoja wa Migosi, Naeema, mjane wa Nasir Swaleh, alikuwa akifika kituoni kulalamika kuhusu gari analolisikia alfajiri, na askari wa zamu walikuwa wamemwita "mama wa gari." Waliandika maneno yake wakiminya kicheko. Nabwire mwenyewe aliwahi kumpita kwenye benchi bila kusimama.

Safari hii alimfuata nyumbani, asubuhi kabla jua halijatoka. Gari la Badru alikuwa ameliruhusu lirudi Migosi kwa kuvutwa, na kumwambia mwenyewe aendelee kuliwasha kama kawaida yake. Naeema hakuambiwa lolote.

Naeema alimkaribisha sebuleni, akamwekea chai ya maziwa na mahamri. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mtulivu, na nyumba yake ilikuwa safi mno. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kuzoea kutosadikiwa.

"Mume wangu huwasha gari kila alfajiri," alisema. "Nalisikia. Linalia, linashika, linanguruma. Mimi nasimama hapa mlangoni. Nangoja. Halafu linazimika, na yeye haji."

"Magari ni mengi Migosi, Mama Naeema."

"Najua. Nikawaambia wenzako hivyo hivyo, si muungurumo. Muungurumo si wake hata kidogo, ni mzito kuliko ule. Ni kile kilio cha mwanzo. Nasir alikataa kukitengeneza miaka yote. Alikuwa akisema, ukinisikia ujue nimekuja." Alimmiminia mgeni chai. "Wameniambia niende hospitali nikapimwe akili. Shemeji zangu wanataka niolewe. Mimi nimemkalia eda, nimemwombea dua, kaburi sina. Nifanyeje, dadangu?"

Sauti ya muadhini ilikuwa imenyamaza kitambo. Mtaa ulikuwa kimya, umande ukidondoka kutoka kwenye mabati.

Kisha ikaja. Kutoka nyuma ya nyumba, mtaa wa pili, kitu kililia. Kilikuwa kilio chembamba, kirefu, cha kiumbe kinachoomba kuachwa, halafu kikamezwa na muungurumo wa injini kubwa. Nywele za shingoni zilimsimama Nabwire, ingawa ni yeye aliyepanga liwashwe.

Naeema alikuwa ameshasimama. Hakukimbia. Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, akaenda mlangoni, akakaza mtandio.

"Huyo," alisema.

Muungurumo uliendelea, ukatulia, ukazimika. Naeema alibaki ameshika kitasa mpaka kukapambazuka.

"Kaa chini," Nabwire alimwambia hatimaye. "Huna wazimu. Unachokisikia kipo: starta ni ya gari lake, ila sasa imo ndani ya gari jingine lenye bomba jingine la moshi. Lakini anayewasha ni mtu mwingine, na hajui kitu."

"Na Nasir?"

"Hilo ndilo ninalolitafuta."

*

Duka la Frankline lilikuwa Mamboleo, mbele ya njia panda, milango ya magari ikiwa imening'inizwa ukutani kama ngozi za wanyama. Frankline mwenyewe alikuwa mcheshi, mwenye simu mbili na maneno mengi.

"Madam, hiyo injini ni clean. Container ya Dubai. Mimi siwezi uza kitu mbaya kwa Mzee Badru, huyo ni customer."

"Lete vyuma vyako vya kugongea namba."

"Vya nini sasa?"

"Vilete."

Frankline alitoa kijisanduku cha mbao chini ya kaunta. Nabwire alichomoa chuma cha tatu, akakitazama ncha. Mkia ulikuwa umekatika. Alikiweka juu ya kaunta, na kando yake akaweka picha ya namba ya uongo. Frankline alitazama picha, akatazama chuma. Simu moja ililia, hakuipokea.

"Dubai kuna omena, Frankline?"

"Omena?"

"Injini ilikuwa imejaa magamba yake. Sikiliza. Kugonga namba ya uongo ni kosa, na hilo tayari unalo. Lakini injini hii ilikuwa ndani ya gari lililomuua mtu hapa hapa, karibu na kibanda kile. Ukinyamaza nitaanza kuamini kwamba aliyekuwa anaendesha ni wewe."

Frankline aliketi. Ucheshi ulimtoka wote.

"Haki ya Mungu, mimi sijaua mtu. Niliitoa Asembo, kwa ufuo. Kuna jamaa analima nyanya huko, alikuwa anaitumia kuvuta maji ya ziwa kwa shamba. Akanunua pampu ya sola, akaniuzia. Haikuwa na karatasi. Ndio nikagonga hiyo namba."

"Anaitwa nani?"

"Wafula. Watu wa huko wanasema ni wa Bungoma. Hana maneno mingi. Sunday, wengine wakienda kanisa, yeye anabaki tu hapo anaangalia maji."

Kabla ya kuondoka mjini, Nabwire alipita kwa Badru na kumweleza kwamba injini itang'olewa na kuhifadhiwa kama kielelezo cha kesi. Badru alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilifuata kila hatua," alisema. "Wenzangu wengi huweka injini wakanyamaza. Mimi nikasema niombe kibali."

"Usingekiomba, yule mama angeendelea kusimama mlangoni mpaka azeeke."

"Nitarudisha ile ya baba," Badru alisema. "Nitapanda Riat polepole."

*

Walifika Asembo adhuhuri, Nabwire, askari dereva, na Naeema kwenye kiti cha nyuma, nyuma ya vioo vyeusi. Hapakuwa na upepo. Mbali juu ya ziwa wadudu walikuwa wameinuka makundi kwa makundi, nguzo ndefu za moshi uliotembea wenyewe bila moto. Magugu maji yalikuwa yameufunga ufuo wote, na mitumbwi ilionekana kama imeegeshwa kwenye majani. Omena zilianikwa juu ya nyavu, na hapakuwa na mtu wa kuzigeuza.

Shamba la nyanya lilikuwa juu kidogo ya ufuo. Kando yake palikuwa na jukwaa la saruji lenye bolti nne zilizoota kutu, mahali ambapo injini ilikuwa imefungwa. Nyuma ya kibanda, chini ya turubai, kuku waliingia na kutoka kwenye mlango wa gari. Nabwire aliinua turubai. Mark II, buluu iliyopauka. Uso wake wa mbele ulikuwa umebonyea na kukibana kibao cheupe cha namba kilichokunjika, na taa ya ukungu ya kushoto haikuwapo. Ya kulia ilikuwa bado inamtazama.

"Karibu," mtu alisema nyuma yake.

Alikuwa mrefu, mwenye ndevu zilizoingia mvi, jembe mkononi. Uso haukumkumbusha Nabwire picha ya faili. Jua na njaa vilikuwa vimeufinyanga upya.

"Mulembe," Nabwire alimsalimia kwa Kiluhya.

"Mulembe, mulembe."

Nabwire, binti wa Busia na Mluhya kama watu wa Bungoma, akamuuliza kwa lugha hiyo hiyo, bila kupunguza mwendo, ni wa ukoo gani na mvua zimekuwaje kwao. Mtu yule alitabasamu, tabasamu la aliyekosa sehemu ya mazungumzo.

"Nimekaa huku siku nyingi, mama. Lugha imenipotea."

"Lugha ya mama haipotei hivyo. Unaitwa nani?"

"Wafula."

"Gari hili ni la nani?"

"Nililikuta. Aliyekuwa hapa kabla yangu aliliacha."

"Kuna mama nimekuja naye. Nataka akuone tu."

Alifungua mlango wa nyuma. Naeema alishuka, akasimama kwenye nyasi, buibui lake likiwa jeusi kabisa katika mwanga ule mweupe. Alimtazama mtu yule kuanzia miguu iliyopasuka, akapanda hadi mikononi, hadi usoni, akakaa pale. Mtu yule hakuinua macho. Kuku mmoja alitoka garini akapita kati yao.

"Simjui," Naeema alisema.

Nabwire alihisi kazi yote ikimponyoka. Alama za vidole zingechukua muda, na mtu huyu angekuwa ng'ambo ya ziwa kabla ya jioni. "Mama, angalia tena."

"Nimeangalia. Mume wangu alizama. Nimemlilia, nimemalizana naye. Huyu si amesema mwenyewe kuwa ni Wafula? Kama ni Wafula, mimi nina shughuli gani naye? Turudi, Inspekta, nisikose swala ya alasiri."

Akaingia ndani ya gari. Kioo cheusi kikapanda. Dereva akawasha, na Nabwire, asijue afanye nini kingine, akaushika mlango wa mbele.

Mtu yule alikuwa ameliangusha jembe. Angekaa kimya angebaki Wafula. Midomo yake ilicheza bila sauti, kisha sauti ikaja, ndogo, ya mtu asiyezoea kuitumia.

"Naeema."

Kioo kikashuka. Naeema alikuwa akitazama mbele, si kwake.

"Umesikia, Inspekta," alisema. "Hapa hakuna aliyemtajia jina langu."

Nabwire alichomoa pingu. Nasir Swaleh alinyoosha mikono kabla hajaambiwa, na zilipofunga aliziangalia kwa muda mrefu. Wadudu wa ziwa walikuwa wamefika ufuoni. Walitua juu ya shati lake, juu ya ndevu, na hakuwafukuza.

"Yule mwalimu," alisema. "Alikufa pale pale, sivyo? Nilijiambia hivyo miaka yote. Kwamba hata ningesimama, haingesaidia."

Nabwire alikuwa amelisoma faili lote.

"Hapana," alimjibu. "Alikuwa hai mpaka kulipokucha. Alikuwa akiita."

Ndani ya gari, Naeema alikipandisha kioo.